Mjumbe hauawi, ila hupigwa

Siku ya mgao katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu wa kwanza kutukanwa si yule aliyeamua posho ipunguzwe. Huyo yuko Roma, au Geneva, au katika mji mkuu wa nchi mfadhili, na hajui Makere iko upande gani wa Kasulu. Anayetukanwa ni kijana aliyeshika kikombe cha kupimia unga, au binti wa dawati la uhakiki anayelazimika kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba alama ya kidole imekataa na jina halionekani. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema hapigwi.

Kipigo hicho, pamoja na matusi, vitisho na mawe yanayokitangulia, kina tabia ambayo ofisi nyingi haziitilii maanani: hakiji ghafla. Kina siku zake, saa zake na mahali pake. Anayetaka kukiona kabla hakijafika asihangaike kusoma nyuso za wateja. Asome ratiba.

Nyanda za juu za Kigoma zimeyaona haya kwa muda mrefu. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na waliobebwa mgongoni wakati ule sasa wana watoto wanaosoma humo humo kambini. Mtabila, iliyokuwa ya Warundi, ilifungwa Desemba 2012. Haikupita miaka mitatu, Aprili 2015, Bujumbura ikawaka tena baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuteuliwa kuwania muhula wa tatu, na watu wakamiminika kupitia Kagunga na Manyovu. Nyarugusu iliyokuwa na wakazi zaidi ya 60,000 ikapindukia 150,000 kabla mwaka haujaisha. Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo. Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016, kisha ikafungwa mwishoni mwa 2021 na watu wake wakapelekwa Nduta.

Kila badiliko kati ya hayo lilihitaji mtu wa kusimama mbele ya watu na kulitamka. Hakuwa waziri, wala hakuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa.

Kwa vijana wengi wa Kasulu na Kibondo waliosoma, kazi ya shirika ndiyo kazi yenye mshahara unaoeleweka. Wanaandikisha, wanahoji, wanatibu, wanasimamia maji, wanafuatilia kesi za watoto. Asubuhi wanaingia kambini kwa Land Cruiser nyeupe, na jioni wanatoka kabla giza halijaingia. Kwa miaka mingi hofu yao kubwa ilikuwa barabara. Njia ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi ilijulikana kwa ujambazi kiasi kwamba mabasi ya abiria yalisafiri na polisi wenye bunduki ndani, na magari ya mashirika yakaenda kwa msafara. Redio ya mawasiliano, saa ya mwisho ya kuwa njiani, kutoa taarifa kila ukipita mji, kuegesha gari likitazama njia ya kutokea: dereva yeyote mkongwe wa Kibondo atakutajia hayo akiwa amefumba macho. Tahadhari zile zilistahili. Tatizo ni kwamba zilizifundisha ofisi kuitafuta hatari nje ya geti. Fomu ya tathmini ikajaa bunduki na vichaka, ikaisahau meza.

Turudi mezani. Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipungukiwa fedha na mgao wa wakimbizi nchini ukashuka hadi asilimia 62 ya kilokalori 2,100 anazohitaji mtu kwa siku. Mwaka huo huo mpango wa kugawa fedha taslimu uliokuwa ukiendeshwa Nyarugusu ukasimamishwa. Juni 2023 mgao ukakatwa hadi nusu. Mkimbizi nchini mwetu haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo hawezi kwenda kulima kibarua Heru Juu au kuuza vitenge Kasulu mjini ili kuziba pengo. Posho ndiyo shamba lake, ndiyo mshahara wake. Ukiikata nusu, umekata nusu ya kila alichonacho, na taarifa hiyo anaipokea kutoka kwa mtu mmoja anayemwona kwa macho: mpimaji.

Mara nyingi mpimaji mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Taarifa huanzia juu, ikashuka kwa barua pepe na vikao, ikajadiliwa kwa lugha ya asilimia, na inapofika kwenye foleni imekuwa kikombe ambacho hakijai kama kilivyojaa mwezi uliopita. Watu wanaona kikombe. Hawaoni barua pepe. Na kwa kuwa wanaona kikombe, wanahitimisha kile ambacho mimi na wewe tungehitimisha: tumepunjwa, na aliyetupunja ni huyu hapa.

Ndiyo maana nasema kalenda inatosha kuwa chombo cha kwanza cha tathmini. Weka alama siku ya kwanza ya mgao baada ya punguzo. Weka alama siku za uhakiki, ambapo majina hufutwa. Weka alama saa za mchana, wakati waliofika alfajiri bado wako juani na magunia yanaonekana kuisha. Weka alama kila tangazo kuhusu kurejea Burundi, ambako urejeaji wa hiari uliandaliwa tangu Septemba 2017 huku wengi kambini wakisikia tofauti. Na kwa Nyarugusu, weka alama nyekundu kwenye habari za safari ya Marekani. Maelfu ya Wakongo wa kambi ile wamehamishiwa huko. Januari 2017, na tena Januari 2025, serikali mpya mjini Washington ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi kwa saini moja. Fikiria kaya iliyokwisha kupimwa afya, ikagawa masufuria na kuaga majirani. Mtu wa kuiambia kwamba safari haipo ni ofisa wa kesi mwenye umri wa miaka 26, katika chumba chenye mlango mmoja, na yeye ameketi upande usio na mlango.

Kiti hicho, kwa njia, ni kosa linalorekebishwa bila bajeti. Mfanyakazi akae karibu na mlango na meza isimzibie. Zaidi ya viti, habari mbaya za kaya nyingi zisitolewe na mtu mmoja kwa siku moja. Aliye mgeni kazini asianze na habari hizo, hata kama ndiye anayeonekana mpole.

Sasa tuje kwa yule ambaye tathmini nyingi humruka kabisa. Katika kambi zetu kazi kubwa inafanywa na wakimbizi wenyewe kwa malipo madogo yanayoitwa motisha. Wao ndio wapimaji, walinzi wa mabomba, wahudumu wa afya wanaozunguka kaya kwa kaya, walimu, wakalimani, na sungusungu wanaopanga foleni. Wao ni wakimbizi kama waliosimama mbele yao, na wao pia posho yao imekatwa. Jioni, Land Cruiser zikishatoka getini, wao wanabaki. Mtu aliyekosa unga saa nane mchana anajua mpimaji analala kijiji gani, zoni gani, na mke wake huchota maji bomba lipi. Kwa mfanyakazi wa shirika kazi inaisha saa ya gari kuondoka. Kwa mkimbizi wa motisha saa hiyo ndiyo ya hatari.

Mkalimani ana masaibu yake. Ofisa kutoka Dar es Salaam au Mwanza anazungumza Kiswahili, Mrundi mgeni anazungumza Kirundi, na katikati yuko kijana anayegeuza maneno. Ofisa akisema ombi limekataliwa, neno linalomfikia mama ni lile lililotoka kinywani mwa mkalimani, kwa lafudhi ya nyumbani, mara nyingine kutoka kwa mtu wa tarafa moja naye au wa upande alioukimbia. Waha wana bahati hapa, kwa sababu Kiha na Kirundi vinaelewana. Mfanyakazi Mha anaweza kulitamka hapana mwenyewe, akamtazama mtu usoni na kumwita mama, akamweleza njia ya kukata rufaa. Ofisi inayomtuma mkalimani mkimbizi peke yake kwenda kubandika orodha ya waliokosa imemtupa kwenye moto huku ikijiita shirikishi.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, haukumruka mkimbizi huyu wa motisha. Unawataja wanaojitolea na walio mafunzoni pamoja na waajiriwa wa kawaida. Pendekezo namba 206 linaloambatana nao linataka tathmini ya hatari kazini iangalie pia watu wa nje ya ajira: wateja, wagonjwa, watumiaji wa huduma na umma kwa jumla. Kwa maneno ya Kibondo, orodha ya wanaolindwa imfikie mwenye kikombe.

Kinachopunguza hasira kwenye mgao kinajulikana, na sehemu kubwa yake ni uwazi. Mizani ya kuhakiki iwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kupima upya alichopewa bila kuomba ruhusa. Kiasi cha mwezi huu kiandikwe ubaoni kwa Kirundi na Kiswahili, pamoja na sababu na jina la shirika lililoamua. Wenyeviti wa zoni waambiwe kabla, wakiwa wamekaa, si siku yenyewe wakiwa wamezingirwa. Wazee, wajawazito na walemavu wapate foleni yao. Kuwe na kivuli na maji. Dawati la malalamiko liwe mbali na mstari wa mgao, kwa sababu mwenye malalamiko akibishana mbele ya watu mia tano, anayejibu hajibizani na mmoja tena.

Kuna hatari nyingine isiyotokana na mgao, nayo ni uvumi. Oktoba mosi 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Palikuwa na uvumi kwamba wanyonya damu wanazunguka, na gari geni lenye watu wageni wanaochimba udongo likatosha kuwa ushahidi. Hapakuwa na ugomvi wala huduma iliyokataliwa. Mteja wao, mkulima ambaye utafiti ungemnufaisha, hakujua kwamba yeye ni mteja.

Kila mtu anayefanya kazi ya kuingia vijijini Kasulu, Buhigwe au Kibondo angepaswa kuijua habari hiyo kama anavyojua namba yake ya simu. Barua ya mkurugenzi iliyo kwenye mkoba haimlindi mtu asiyejulikana. Kinachomlinda ni kuonekana kijijini akiwa na mtu wa pale. Sensa ya Agosti 2022 ilizingatia hilo: makarani walizunguka na viongozi wa vitongoji na mitaa, mtu ambaye kaya inamjua hata kama inamdai. Wakala wa mikopo, afisa wa mita, mtafiti wa chuo na mkaguzi wa kaya maskini wote wanaweza kuiga. Kuuliza kwanza kijijini kuna uvumi gani wiki hii hakuchukui dakika kumi.

Ng'ambo ya ziwa uvumi umeua hata katika hospitali. Aprili 19, 2019, Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kufa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, Kivu Kaskazini, wakati wa mlipuko wa Ebola. Timu za Ebola zilikuwa zimekwisha kuandamwa na maneno kwamba ugonjwa ni biashara, na kwamba wageni wameuleta. Watu wa Nyarugusu wana ndugu upande ule na wana simu. Maneno yanavuka Tanganyika bila kibali cha kusafiria.

Zahanati za vijijini nitazipitia kwa haraka, ingawa zinastahili makala yao. Muuguzi wa zamu ya usiku, peke yake, taa ya sola, mjamzito ameletwa kwa pikipiki akiwa amechelewa, ndugu watano wa kiume mlangoni. Mtoto akifa, wa kulaumiwa yuko hapo hapo na kanzu nyeupe. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hukumbwa na ukatili wa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Wengi hawaripoti, kwa kuwa wameaminishwa kwamba kofi la ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya kazi kama harufu ya dawa. Na akitaka kuripoti, aliyepigwa huyo huyo aende polisi kutafuta PF3, fomu ya aliyejeruhiwa, kwa nauli yake, kituo kikiwa mbali. Uongozi unaotaka kuyajua matukio ungempelekea fomu pale alipo. Ungempa pia mlinzi wa usiku, ungekubaliana na serikali ya kijiji nani aamshwe kwanza, na ungempa namba inayopokelewa saa nane za usiku.

Sheria yetu haijakaa kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atathmini hatari za kazi yake na kuzidhibiti, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008 unamhusu anayeumia akiwa kazini. Ila sheria ya 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya zama za mkoloni, na macho ya viwandani bado yako kwetu. Mkaguzi akija anauliza kizima moto kiko wapi na kisanduku cha huduma ya kwanza kina bandeji ngapi. Ni mara chache atauliza daftari la vitisho. Ofisi nyingi hazina daftari hilo. Zikiwa nalo limeandikwa vipigo tu, na yale ya nusura hayamo: panga lililoonyeshwa bila kutumika, jiwe lililopiga bati, mtu aliyemfuata ofisa hadi kwenye nyumba ya kupanga Kasulu mjini. Hayo ya nusura ndiyo yanayotabiri, na bila kuyaandika tathmini ya kila mwaka ni kunakili ya mwaka jana.

Kwa anayekwenda peke yake kutembelea kaya, Uingereza ina somo la tangu mwaka 1986. Julai 28 mwaka huo Suzy Lamplugh, wakala wa nyumba jijini London, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba, na hakuonekana tena. Mama yake alianzisha taasisi ya kuwatetea wanaofanya kazi peke yao, na moja ya kanuni zinazosisitizwa tangu hapo ni nyepesi mno: mtu ofisini ajue umekwenda kwa nani, wapi, utarudi saa ngapi, na nani atakutafuta usiporudi. Milima ya Kibondo ina mabonde ambako simu haishiki, kwa hiyo kanuni hiyo kwetu ina uzito zaidi. Kuandika ubaoni tu hakutoshi, lazima awepo mtu mwenye jukumu la kuusoma ubao saa kumi na moja jioni na kupiga simu kabla hajarudi kwake.

Upande wa pili wa meza nao usisahauliwe. Mwaka 2002 UNHCR na Save the Children ya Uingereza walitoa ripoti iliyoeleza jinsi wafanyakazi wa misaada katika Liberia, Guinea na Sierra Leone walivyowadai wasichana wakimbizi ngono kwa chakula, na ndipo kanuni za maadili zilipokazwa kila mahali, kambi zetu zikiwamo. Mlinzi anayechapa fimbo foleni, karani anayemfokea mzee kama mtoto, mpimaji anayempendelea shemeji yake: hawa wanapika hasira itakayomwagikia mwenzao asiye na kosa. Sanduku la maoni linalofunguliwa mbele ya mashahidi na kujibiwa linamlinda mfanyakazi kuliko uzio. Sanduku lisilofunguliwa linachochea.

Nina mashaka na mafunzo ya siku mbili hotelini kuhusu namna ya kumtuliza mteja mwenye hasira. Yana faida: kushusha sauti, kutobishana, kujua wakati wa kuondoka. Lakini mara nyingi yanahamisha mzigo. Mpimaji akipigwa baada ya mafunzo, inaonekana hakutumia mbinu. Hakuna anayeuliza nani alipanga mgao uanze bila tangazo.

Kwa hiyo ombi liende kwa wenye kupanga: wakuu wa mashirika, wakuu wa kambi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, wakurugenzi wa halmashauri za Kasulu na Kibondo. Kabla ya mgao ujao, kabla ya uhakiki ujao, mwiteni mpimaji, mkalimani, mlinzi wa bomba na muuguzi wa usiku. Waambieni mapema kinachokuja, waulizeni ni siku gani wanaiogopa, kisha badilisheni ratiba kwa majibu yao. Na siku hiyo ikifika, aliyeamua kupunguza, au wa karibu yake kwa cheo, aende akasimame kwenye foleni aitamke habari hiyo yeye mwenyewe.